Hela zimetimia, watu hawajatimia: Zana mpya za kuandika programu na wajibu wetu



Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri wawili Chanzuru, wilayani Kilosa, kwa kazi za kichungaji. Asubuhi tulitembelea familia pamoja na katekista, jioni tulikaa na vijana. Kati ya vijana hao alikuwepo mmoja aliyemaliza kidato cha sita na anayesubiri kwenda chuo. Ana kompyuta mpakato kuukuu aliyopewa na mjomba wake, na tangu sekondari anapenda mambo ya programu.

Wakati huo kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa kigango kilikuwa kinakaribia kufunga mwaka na kugawana. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari moja kubwa la mweka hazina, lenye jalada lililoshikizwa kwa gundi ya karatasi. Tulipoona jinsi mama yule anavyojumlisha ukurasa baada ya ukurasa usiku kwa mwanga wa simu, tukasema: hili si jambo kubwa, tuwatengenezee programu.

Sisi si waandishi wa programu, na kijana yule alikuwa bado anajifunza. Lakini siku hizi hilo halimzuii mtu. Tulifungua chombo cha akili mnemba kwenye simu, tukaandika kwa Kiswahili cha kawaida: tunataka programu ya kutunza hisa za wanachama 28, kila mmoja ana jina na namba ya simu, ikokotoe jumla ya kila mmoja na mgao wake wa mwisho wa mwaka. Kabla chai haijapoa, mistari ya msimbo ilikuwa mbele yetu. Kijana akainakili, akaiendesha kwenye kompyuta yake, ikakubali mara ya kwanza. Tulishangilia kama watu waliofunga goli. Kwa siku mbili tuliingiza daftari zima, na jumla ya kompyuta ikalingana na jumla ya mweka hazina hadi shilingi ya mwisho.

Siku ya kikao, mweka hazina hakuomba jumla. Aliomba asomewe majina. Tukawa tunasoma, yeye anafuata kwa kidole kwenye daftari lake. Tulipofika mwisho, akainua uso akasema: "Mafrateri wanangu, hela zimetimia, watu hawajatimia."

Tulihesabu. Orodha ya kompyuta ilikuwa na watu 26.

Ilituchukua muda kuelewa. Bibi wawili wa kikundi kile hawana simu. Siku ya kujiandikisha walitoa namba ya jirani yao, ambaye naye ni mwanachama. Programu ilikuwa inamtambua mtu kwa namba yake ya simu, kwa hiyo kila ilipoiona namba ileile ilijumlisha hisa kwa mtu mmoja. Watu watatu wakawa mmoja. Hakuna shilingi iliyopotea. Zote zilikwenda kwenye jina la jirani. Ila kwa mujibu wa kompyuta, bibi wale hawakuwahi kuwa wanachama.

Tulimwomba kijana atuonyeshe ni mstari gani unaofanya hivyo. Aliutafuta kwa muda mrefu, asiupate. Sisi pia hatukuweza. Tulikuwa tumetengeneza kitu, tumekileta mbele ya watu wanaotuamini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kueleza kinavyofanya kazi. Ndiyo sababu tumeona tuandike makala haya.

Hoja yetu ni fupi. Zana za kuandika programu zimekuwa zikibadilika tangu mwanzo, na kila badiliko limempunguzia mwandishi kazi fulani. Hilo tusiliogope. Lakini zipo kazi mbili ambazo mpaka leo hakuna zana iliyozichukua: kumjua mtu ambaye programu itamgusa, na kujibu pale mtu huyo anapoumia.

Kutoka kwenye nyaya hadi kwenye maneno

Tukumbuke tulikotoka. Februari 1946 Wamarekani waliionyesha hadharani ENIAC, mashine kubwa ya kukokotoa iliyojaza chumba kizima. Kuipangia kazi hakukuwa kuandika. Ilikuwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, na waliofanya hivyo kwanza walikuwa wanawake sita wenye ujuzi wa hisabati. Kubadilisha hesabu moja kwenda nyingine kungeweza kuchukua siku kadhaa. Faida moja ilikuwepo: aliyeipangia mashine ile aliijua kiungo kwa kiungo, kama fundi baiskeli anavyoijua baiskeli yake.

Baadaye amri zikawa namba zilizotobolewa kwenye kadi. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa jeshi la majini la Marekani, alitengeneza programu ya kukusanya vipande vya amri vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha kuwa kazi moja. Kwa wengi wa wakati ule, mashine ilikuwa ya kupiga hesabu tu. Kwamba ingeweza kusaidia kujiandalia programu lilikuwa wazo geni. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ikatoa lugha ya FORTRAN, iliyomwezesha mwanasayansi kuandika fomula zake karibu kama alivyozoea kwenye karatasi. Miaka miwili baadaye kazi ya kuunda COBOL ikaanza, lugha iliyokusudiwa isomeke na watu wa ofisini. Mwaka 1964, katika Chuo cha Dartmouth, ikazaliwa BASIC, ambayo nia yake ilikuwa kumwezesha hata mwanafunzi asiye wa sayansi kuandika programu. Mwaka 1991 ikatoka Python, ambayo vijana wengi wa vyuo vyetu huanzia hapo leo.

Kisha ikaja intaneti, na waandishi wa programu wakaanza kushirikishana kazi zao bure. Mtu hakulazimika tena kuandika kila kitu mwenyewe; alichukua kipande cha huku na kipande cha kule, akaunganisha. Baadaye vikaja vyombo vya akili mnemba vinavyomalizia msimbo wakati mtu anaandika, na tangu mwishoni mwa 2022 umma wote umeweza kuiomba mashine iandike programu nzima kwa lugha ya kawaida, Kiswahili kikiwemo.

Tukiitazama safari hii tunaona mambo mawili yakienda pamoja. Kila hatua ilimwondoa mwandishi kwenye mashine kidogo zaidi, na kila hatua ilifungua mlango kwa watu ambao zamani wasingeweza kuingia. Bila hatua hizo, kijana wa Chanzuru mwenye kompyuta kuukuu asingekuwa na nafasi yoyote. Kwa hiyo hatuwaungi mkono wanaotamani mambo yabaki kama zamani. Aliyelima kwa jembe la mkono hana sababu ya kumchukia mwenye trekta kwa kuwa mgongo wake hauumi.

Lakini mkulima yeyote wa Kilosa anajua kwamba trekta haliambii mtu alime wapi. Halijui ni shamba lipi linajaa maji mto Mkondoa unapofurika, wala mpaka wa jirani unaishia kwenye mti gani. Likiendeshwa na asiyejua, litalima mpaka wa jirani vizuri sana, tena kwa haraka.

Padre mmoja na maneno milioni 11

Kwa kuwa haya yanaandikwa seminarini, tusisahau kwamba watu wa Kanisa walikuwepo mapema katika safari hii. Marekani yupo Sista Mary Kenneth Keller, aliyepata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta mwaka 1965, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini humo kuipata. Baadaye aliongoza idara ya kompyuta katika Chuo cha Clarke, Iowa, kwa takribani miaka 20. Wapo wanaodhani utawa na kompyuta haviivi chungu kimoja, wamtazame yeye.

Hata hivyo, kwa sisi wanafunzi wa falsafa, wa karibu zaidi ni Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia. Alikuwa akichunguza jinsi Mtakatifu Thoma wa Akwino anavyoeleza uwepo. Alianza kwa kutafuta maneno ya Kilatini yanayomaanisha "uwepo", akagundua kwamba jambo analolitafuta halipo sana kwenye maneno hayo makubwa. Lipo kwenye kijineno *in*, yaani "katika" au "ndani ya". Akaandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000 za sentensi zenye kijineno hicho. Akiwa na uzoefu huo, mwaka 1949 alikwenda New York kumwona Thomas Watson, mkuu wa IBM, kuomba msaada wa mashine ili maandishi yote ya Thoma yafanyiwe faharasa ya namna hiyo. Kazi ile ilichukua takribani miaka 30. Ilihusisha maneno kama milioni 11, na ilitoka katika juzuu 56. Baadaye ikawekwa kwenye intaneti, na leo frateri yeyote anaweza kutafuta neno ndani ya Thoma kwa sekunde chache.

Tunavutiwa na mpangilio wa kazi yake. Alisoma kwanza, akaandika kadi kwa mkono, akajua hasa anachokitafuta na kwa nini ni kigumu. Ndipo akaiendea mashine. Kama angeanza na mashine, angeiagiza itafute neno "uwepo", nayo ingemletea orodha safi, sahihi, isiyo na kile alichokihitaji. Kijineno kidogo cha herufi mbili kingeachwa nje, kama walivyoachwa nje bibi wawili wasio na simu.

Sisi tulifanya kinyume chake. Tuliianza kazi kwenye mashine, tukalifikia daftari baadaye.

Hapa kwetu

Inawezekana msomaji akaona haya ni mambo ya mbali. Si ya mbali. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta isipokuwa kwa kibali, na ilichukua miaka mingi masharti yale kulegezwa. Waliokuja baada ya hapo walifanya haraka kufidia. Mwishoni mwa 2004, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka programu ya ofisi ya bure iliyo katika Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Watu walikaa wakatafuta maneno ya Kiswahili kwa kila kitufe, ili kompyuta imkute Mtanzania katika lugha yake.

Leo mkulima wa Chanzuru ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta anaishi ndani ya programu kutwa nzima. Anatumiwa pesa na mwanawe kwa simu. Analipa ada na tozo kwa kontroo namba. Anasajiliwa kwenye mfumo ili apate mbolea ya ruzuku. Treni ya umeme inayosimama Kilosa tangu 2024 ina tiketi zinazokatwa kwa mtandao. Katika kila kimojawapo cha vitu hivyo kuna mstari ulioandikwa na mtu fulani unaoamua huyu yumo na huyu hayumo. Mfumo ukisema "hujasajiliwa", mzee anarudi nyumbani na gunia tupu, na karani dirishani naye hana la kufanya, kwa kuwa hakuuandika yeye.

Upo pia mfano mzuri wa jirani zetu Kenya. Kabla M-Pesa haijazinduliwa Machi 2007, yalifanyika majaribio kuanzia 2005 pamoja na wateja wa taasisi ya mikopo midogo. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, walioongoza kazi ile, walikuwa wamelenga huduma ya kurejesha mikopo kwa simu. Lakini watu waliopewa huduma waliitumia kwa mambo ambayo hayakupangwa: kumtumia ndugu pesa, kumlipa mwenzake, kujiwekea akiba ya safari. Waliosimamia majaribio waliwaangalia watu, wakasikiliza, wakabadilisha lengo. Huduma ilipozinduliwa, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Aliyewaonyesha njia ni mteja wa kawaida, na wao walikuwa na unyenyekevu wa kumtazama.

Ufundi na busara

Katika kitabu cha kwanza cha *Siasa*, Aristotle anawaza: kama kila chombo kingeweza kutenda kazi yake chenyewe kwa kuamriwa, kama kitarazo kingejisukia nguo, basi fundi mkuu asingehitaji wasaidizi wala bwana asingehitaji watumwa. Kwa karne nyingi wanafunzi wameisoma sehemu hiyo kama ndoto. Kizazi chetu ndicho kinachokiona kitarazo kinachojisukia.

Hapo ndipo Mtakatifu Thoma anatusaidia kupambanua. Anatofautisha fadhila mbili za akili. Ufundi ni akili nyofu kuhusu vitu vinavyotengenezwa. Busara ni akili nyofu kuhusu mambo yanayotendwa. Fundi husifiwa kwa ubora wa kazi yake, si kwa wema wa nia yake; meza iliyonyooka imenyooka hata kama seremala ana hasira. Ndiyo maana, anasema Thoma akimfuata Aristotle, katika ufundi anayekosea kwa makusudi ana nafuu kuliko asiyejua, kwa sababu wa kwanza angalau anaujua ufundi. Katika busara ni kinyume: anayekosea kwa makusudi ndiye mbaya zaidi.

Tukitumia upambanuzi huo, programu yetu ilikuwa na sehemu mbili. Kuandika msimbo ni ufundi, na kwa ufundi mashine ilitushinda sote. Lakini kuileta programu kwenye kikao na kuwaambia akina mama "haya ndiyo mahesabu yenu" ni tendo, na tendo linadai busara. Mashine haikuwaambia chochote akina mama wale. Sisi ndio tuliowaambia. Kujitetea kwamba "kompyuta ndiyo ilivyotoa" kungekuwa kuhamisha mzigo kwenda kwa kitu kisichoweza kuubeba.

Kanisa limelisema hili kwa muda mrefu. Mwaka 1981, katika waraka *Laborem Exercens*, Papa Yohane Paulo II alipambanua kazi kwa upande wa vitu, ambao unajumuisha zana na teknolojia, na kazi kwa upande wa mtu anayeifanya. Upande wa kwanza hubadilika kila zama. Hadhi ya kazi hutoka upande wa pili. Akaonya kwamba teknolojia, ambayo ni mshirika wa binadamu, inaweza kugeuka kuwa kama mpinzani wake inapomnyang'anya ubunifu na wajibu. Hati *Antiqua et Nova*, iliyotolewa Vatikani Januari 2025, inakumbusha kwamba wajibu wa kimaadili kwa yanayofanywa kwa akili mnemba hubaki kwa binadamu. Na Papa Leo XIV, siku mbili baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyeandika juu ya wafanyakazi wakati wa mapinduzi ya viwanda, kwa kuwa sasa tuko mbele ya mapinduzi mengine.

Ngazi isiyo na vipandio vya chini

Kuna pingamizi ambalo tumelisikia, na si la kudharau. Mtu atasema: "Nyie mafrateri mnataka kijana wa kijijini ajifunze msimbo kwa miaka mitano kabla hajagusa zana ambayo wenzake wa mjini wanaitumia leo? Huko si kumfungia mlango?"

Hapana. Tunataka aitumie. Tunachohofia ni kitu kingine. Katika karakana zetu mtoto huanza kama saidia fundi. Anashika tochi, anatafuta spana, anaosha vifaa kwa petroli, anafungua nati zilizoshika kutu. Ni kazi za chini, zinachosha, lakini mikono na masikio yake vinajifunza humo. Baada ya miaka kadhaa anasikia injini ikikohoa na kujua tatizo liko wapi. Kwa waandishi wa programu pia zilikuwepo kazi za namna hiyo: kurekebisha makosa madogo, kuandika sehemu rahisi, kusoma msimbo wa mkubwa wako mpaka uuelewe. Kazi hizohizo ndizo mashine inazifanya sasa kwa sekunde, tena kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo mlango umefunguka, lakini ngazi iliyo nyuma ya mlango imeng'olewa vipandio vya chini. Kijana anaingia akiwa tayari amesimamia programu nzima, bila kupita mahali ambapo angejifunza kuitilia shaka. Aliyekwisha kuwa fundi anafaidika, kwa kuwa anajua kuikagua kazi ya mashine. Anayeanza anabaki mwombaji: anaomba, anapewa, anashukuru. Hatari kwa vijana wetu ni hiyo. Wanaweza kuzalisha programu nyingi bila kuwa mafundi, na siku kitu kikiharibika wakaomba tena, na tena, mpaka bando liishe.

Tuliliona hili kwa macho. Tulipoiambia mashine kwamba kuna kosa, iliomba radhi kwa adabu na kutuletea msimbo mwingine, ambao sasa ulimtambua mtu kwa jina lake. Kijana alitaka kuuendesha mara moja. Mweka hazina, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua mboga, akauliza: "Na wale wawili wenye jina moja?" Ilikuwa kweli. Katika kikundi kile kuna wanawake wawili wanaoitwa jina lilelile, jina la ubatizo na la baba. Yeye huwatofautisha kwa mtaa wanaokaa. Tungesahihisha kosa moja na kuzaa jingine la aina ileile.

Jioni ile, bila mashine, tulichora kwenye karatasi jinsi daftari lake linavyofanya kazi. Aligawa kurasa: kila mwanachama ana ukurasa wake, na ukurasa una namba. Hakuwa amesoma kompyuta, lakini miaka mingi iliyopita aliona shida ambayo sisi tuliiona siku ile, akaitatua kwa namba ya ukurasa. Tukampa kila mwanachama namba ya ukurasa wake. Kisha kijana, kwa siku nne, akauandika upya msimbo mstari kwa mstari. Alipokwama aliiuliza mashine, lakini hakuandika mstari ambao hakuweza kutueleza. Tulipohesabu tena, tulipata 28.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza ni kwa vijana wanaojifunza kazi hii. Usimpe mtu programu ambayo huwezi kumweleza. Si lazima uwe umeandika kila mstari. Hata mafundi wakubwa hutumia kazi za wengine. Lakini uwe umeusoma, na ukiulizwa "hapa inafanya nini?" uwe na jibu. Mashine inaweza kuwa mwalimu mzuri wa hili. Badala ya kuiagiza ikuandikie, iagize ikueleze, kisha andika wewe.

La pili ni kwa wote wanaotengeneza mifumo ya watu wengi. Kaa kwanza na mwenye daftari. Katika kila kijiji yupo mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitunza kumbukumbu kwa mkono: mweka hazina wa kikundi, katekista mwenye vitabu vya ubatizo, karani wa chama cha ushirika. Watu hao wanajua nani hana simu, nani ana majina mawili, mjane gani anatumia bado jina la marehemu mumewe. Maarifa hayo hayapo kwenye intaneti, kwa hiyo mashine haiwezi kuyaotea. Na kabla ya kuangalia jumla, somesha majina.

La tatu ni kwetu sisi wenyewe seminarini. Tutatumwa kwenye parokia ambazo zaka, ubatizo na ndoa vitazidi kuandikwa kwenye kompyuta. Tutashawishika, kama tulivyoshawishika Chanzuru, kuokoa muda. Muda tutauokoa kweli. Swali ni kama tutautumia kumtembelea yule ambaye jina lake limekosekana, au kutengeneza orodha nyingine. Kanisa limezoea kuhesabu kwa namna ambayo mmoja akikosekana kati ya mia, hesabu haijafungwa. Mchungaji wa Injili asingeridhika na taarifa kwamba sufu ya mwaka huu imelingana na ya mwaka jana.

Kijana wetu sasa anasubiri majibu ya chuo. Programu yake inatumika kigangoni, na ametuambia amepata kosa jingine dogo, akalirekebisha mwenyewe. Mweka hazina ameikubali, ila daftari hajaliacha. Kila kikao bado anasomewa majina kwanza, na bibi wale wawili huitika kwa sauti kubwa kuliko wote.